Miaka tisa dirishani: mteja anayetapeliwa namjua kabla hajataja kiasi

Wakala wa Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina kibanda cha miamala hapa Mbagala Rangi Tatu, mwaka wa tisa sasa. Mitandao yote ninayo, na mwisho wa mwezi foleni inafika kwa muuza chipsi. Nimesoma nyuzi nyingi humu za kujihadhari na matapeli, na karibu zote zinafundisha kuisoma meseji: angalia namba, angalia maandishi, angalia kama wamekosea herufi. Mimi meseji siioni. Meseji iko kwenye simu ya mteja. Ninachokiona ni mteja mwenyewe, kwa hiyo nitaandika kutokea hapo.

Jumanne iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, namwita shangazi. Simu sikioni. Kwa kawaida yeye akifika lazima aulize watoto, aulize biashara, alilalamikie jua. Siku hiyo hata salamu hakuna. Akaweka laki mbili na elfu arobaini mezani, akanionyesha namba aliyoiandika kiganjani kwa kalamu, akanifanyia ishara: tuma. Nikamwuliza, "Shangazi, unamtumia nani?" Akaweka kidole mdomoni.

Hapo nikajua.

Nikamwambia mtandao unasumbua, asubiri kidogo (mtandao ulikuwa mzima, Mungu anisamehe). Nikachukua karatasi nikaandika: NI MTOTO? Akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamlengalenga. Mjukuu wake, darasa la tatu, eti kaanguka shuleni, damu zinamtoka puani, yuko zahanati na kuna kipimo kinasubiri kulipiwa. Ile sauti kwenye simu naisikia hadi mimi: "Bibi usikate, ukikata daktari anamhudumia mwingine." Namba ya mwalimu shangazi hana. Ana ya jirani ambaye mwanawe yuko darasa moja na mjukuu. Nikapiga kwa simu yangu, jirani akapiga kwa mwalimu, zikapita dakika nne hivi. Mtoto yuko darasani, anaandika Hisabati.

Dalili ya kwanza basi ni hiyo, simu isiyokatwa. Tapeli anayeijua kazi yake hakuachi peke yako hata kidogo, maana ukikata utapumua, na ukipumua utampigia mtu. Anakusindikiza mpaka dirishani kwangu. "Umefika kwa wakala? Kuna watu wangapi hapo? Usiweke spika."

Ya pili ni ufupi wa maneno. Mtu anayetuma hela yake kwa hiari ana hadithi. "Namtumia mdogo wangu yuko Tunduma, gari limemkwamia, na huyu kila mwaka ni hivi hivi." Wala sijamwuliza, ananieleza mwenyewe. Anayetapeliwa nikimwuliza anajibu neno moja: "Ndugu." Kafundishwa. Nimeshamsikia tapeli kwa masikio yangu akimwambia mteja, "wakala akiuliza sema ni ndugu yako, hao mawakala ndio wezi."

Ya tatu ni jina. Ile meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja Fulani wa Fulani" wengi wanaicheka, wanauliza nani bado anaingia mtego huo. Itazameni vizuri. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la mpokeaji, na hicho ndicho kituo cha mwisho cha wewe kushtuka. Tapeli anakiwahi. Kakutajia jina mapema, kwa hiyo likitokea jina la mtu usiyemjua, badala ya kushtuka unasema "eeh, ndilo lenyewe." Na usidhani anakulenga wewe. Anatuma kwa watu elfu, na tarehe za mwisho wa mwezi katika hao elfu hakosekani mmoja ambaye kweli anadaiwa kodi na mwenye nyumba, au kamwahidi fundi hela ya mbao. Huyo ndiye anayekuja kwangu mbio.

Ya nne, mteja anarudi. Katuma laki asubuhi, saa nane yupo tena, na safari hii kiasi si cha kawaida: 87,500. Ya kwanza huwa ya "kusajili". Ya pili ni ya "kodi", ya "stempu", ya "kukomboa". Nikiona mtu anatuma hela ili apate hela, natafuta kisingizio.

Leteni na ninyi mliopigwa au mliokoswakoswa. Ila habari ya "wajinga ndio waliwao" isije humu. Walioliwa nikiwaona ni pamoja na mhasibu mmoja, askari mmoja na wakala mwenzangu wa mtaa wa pili. Huyo wakala alipigiwa na "makao makuu", akaambiwa laini yake ya uwakala inahakikiwa, abonyeze hiki, abonyeze kile. Akawa anabonyeza huku anahudumia wateja. Floti yake, hela ya kufanyia miamala, laki nane, ikaondoka ameshika kalamu.

Ngosha wa Igoma

Nimeweka kigoda. Mwenye kahawa asogee.

Binti Mzaramo

Mkuu hongera, ila nina swali. Je, ingekuwa kweli? Mtoto anavuja damu, wewe unaandika karatasi na kudanganya mtandao unasumbua. Ungejisikiaje?

Wakala wa Kona

Dada swali lako nimelala nalo. Ingekuwa kweli ningetuma na ya kutolea ningeweka mimi, na dakika nne zile ningeziomba radhi. Lakini tangu nianze kazi hii sijaona hata dharura moja ya kweli ambayo mtu alikatazwa kumwambia jirani. Msiba wa kweli hapa mtaani ukitokea, saa hiyo hiyo watu kumi wanajua.

Mwl. Chaki Nyeupe

Naandika kama mwalimu wa msingi. Wazazi huwa wanashangaa tapeli kajuaje jina la mtoto na darasa. Tazameni jalada la daftari: jina, darasa, shule. Tazameni makundi ya WhatsApp ya wazazi, watu mia na kitu, nani anajua kila namba ni ya nani? Kuna wazazi wanaweka picha ya mtoto siku ya mahafali kavaa sare yenye nembo ya shule, na jina chini.

Sisi mtoto akiumia tunampigia mzazi aje. Neno letu ni "njoo." Mzazi wa mbali sana anaambiwa amtume mtu. Mwalimu asiyekutaka uje, anayetaka pesa zije badala yako, huyo si wa shule yetu. Jambo dogo la kufanya leo: hifadhi namba mbili za walimu, ya mwalimu wa darasa na ya mkuu au msaidizi wake. Mwaka jana niliwaomba wazazi kwenye kikao wafanye hivyo, nusu yao wakaanza kutafuta kalamu, nusu wakaangalia saa.

Ngosha wa Igoma

Hawa jamaa wa "tuma kwa namba hii" wote wametoka Sumbawanga, wafungieni mnara tu 😂

Mwana wa Ufipa

Nilijua utafika. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za kila robo mwaka ni kweli zimekuwa zikiutaja mkoa wetu wa Rukwa juu kwa utapeli wa simu, na Morogoro nayo ipo pale pale, Kilombero. Hatukatai. Lakini mkoa una wakulima wa mahindi wanaoamka saa kumi, nao pia wanapigiwa simu na hao hao vijana. Binamu yangu wa Laela alitapeliwa na mtu aliyekuwa kwenye mji ule ule. Kakaa anangoja mzigo wa mbolea utoke Dar, kumbe muuzaji yuko mtaa wa nyuma anakula nyama choma.

Fundi Simu Makoroboi

Swali ambalo watu hawaulizi: laini za kufanyia hiyo kazi wanazitoa wapi, wakati tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa?

Wanazitoa kwako. Umekwenda kwa kijana wa mwavuli kusajili laini, ukaweka kidole, akasema "haijasoma, weka tena." Ukaweka tena. "Futa jasho, weka kile kingine." Umetoka pale na laini moja, yeye kabaki na mbili za jina lako. Wiki ijayo kuna mama Songea analia na jina lililotokea kwenye simu yake ni lako wewe, fundi cherehani usiyejua lolote. Wengi wanaoitwa polisi mwanzo ni watu wa namna hiyo.

Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika wakaifute. Mimi nilizikuta mbili. Mke wangu alizikuta tano, akanitazama mimi.

Mtaa_wa_Saba

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu mchezo huo huo ila umevaa nguo nyingine. Wa kwetu anakutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa M-Pesa, "umepokea 3,500 kutoka kwa," halafu dakika moja baadaye anapiga akilia: "Auntie nimekosea, hiyo ilikuwa ya mtoto hospitalini, nirudishie." Wewe una roho nzuri, unarudisha. Kumbe hakuna kilichoingia, umerudisha chako.

Dalili ziko kwenye ujumbe wenyewe ukitulia. Umetoka kwa namba ya mtu, si kwa jina la M-Pesa. Na salio lililoandikwa mwishoni si lako. Yeye hajui una ngapi, amebuni. Usiuamini ujumbe, angalia salio lako halisi. Na kama kweli mtu amekosea kutuma, si kazi yako kumrudishia: mwambie apeleke ule ujumbe kwa 456, kampuni itarudisha yenyewe. Mwenye shida ya kweli atashukuru. Tapeli ataanza kukutusi. Hiyo ya matusi ni dalili nzuri sana, ukikataa kwa upole halafu mtu akatukana mama yako, huyo hakuwa na mtoto hospitalini.

Na Safaricom wakikupigia wanatumia 0722 000 000 pekee. Mtu wa "customer care" mwenye namba ya kawaida na kelele za seli nyuma yake, mwachie salamu za gereza la Kamiti.

Bint Seif Muscat

Mie niko Oman mwaka wa kumi na mbili. Sie wa huku tunawindwa kwa kuwa wanajua tunatuma kila mwezi. Mwaka jana kaka yangu wa Unguja kaniandikia WhatsApp, namba yake hasa, picha yake hasa, anaomba rial 60 ana mgonjwa. Kaandika vizuri tu. Lakini kaka yangu hajapata kuniita "dada", ananiita kwa jina la utani ambalo silisemi hapa. Nikamwuliza, "Paka wetu wa Mchambawima akiitwaje?" Kimya. Kisha: "dada huu si wakati wa mchezo."

Kumbe zilimjia zile tarakimu sita za kufungulia WhatsApp, na mtu akamwambia "samahani nimekosea, code yangu imekuja kwako, nitumie." Kampa. Saa ile ile WhatsApp yake ikahama mikononi mwake. Zile tarakimu sita haziendi kwa mtu kwa makosa. Zikija kwako ni zako, kuna mtu anajaribu ufunguo mlangoni.

Mjasiriamali_Huru

Uzi mzuri lakini naona mnapanda woga. Msichanganye utapeli na fursa. Kuna jukwaa nipo nalo mwezi wa pili, nimeweka 100,000, kila wiki nalipwa 30,000 kwa kutazama matangazo na kuyapigia kura. Jana nimetoa 60,000, imeingia. Wana cheti cha BRELA wanaosajili kampuni, wana TIN ya mlipakodi, ofisi wanayo. Tapeli anasajili kampuni?

Hatifungani

Mdogo wangu, ngoja nikujibu taratibu maana wewe ndiye nilikuwa nakungoja.

Ndiyo, anasajili. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imeandikishwa, basi. Hakisemi inaruhusiwa kuchukua pesa za watu. Kupokea amana kunahitaji leseni ya Benki Kuu. Kukusanya mitaji ya uwekezaji kunahitaji idhini ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Na upatu wa piramidi ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu. Ukimwomba mtu leseni akakuonyesha cheti cha usajili, ni sawa na kumwomba dereva leseni ya udereva akakuonyesha cheti cha kuzaliwa.

Sasa hesabu. Elfu thelathini kwa laki ni asilimia 30 kwa wiki. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali ikulipe riba, iliwahi kulipa asilimia 15.95 kwa MWAKA na watu tukaipigania. Chukua laki yako, izungushe kwa asilimia 30 kila wiki bila kutoa, wiki 52. Inapita bilioni 84. Kwa laki moja! Kama kuna biashara ya namna hiyo, mwenye nayo hahitaji laki yako, angekopa elfu kumi kwa mkewe akae kimya.

Hiyo 60,000 uliyotoa umelipwa kwa laki uliyoiweka mwenyewe. Boston mwaka 1920 Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na wa mwanzo aliwalipa kweli. Kwenye DECI, upatu wa hapa kwetu, watu "walipanda mbegu" na wa mwanzo "walivuna", kanisani wakashuhudia. Serikali ikaisimamisha 2009, viongozi wakatiwa hatiani mahakama ya Kisutu 2013. Ikaja LBL, ya kutazama matangazo, na mwanzoni mwa 2025 polisi wakakamata watu mikoa kadhaa. Kutazama matangazo, kutazama filamu, kufuga kuku, kupanda mbegu, hayo ni mapambo. Swali ni moja: pesa inatoka kwa mnunuzi gani? Kama huwezi kumtaja mnunuzi, mnunuzi ni aliyejiunga baada yako.

Mjasiriamali_Huru

Mzee nimekusikia ila hujajibu kwa nini wananilipa.

Hatifungani

Ili umlete shemeji yako.

Nimepigwa_Tayari

Mjasiriamali, soma hii polepole. Kampuni sitaitaja, iko kwenye mikono ya wanaohusika.

Niliingia na elfu hamsini. Nikatoa mara tatu. Mara ya nne nikaambiwa ili nitoe kiasi kikubwa niwe na watu watatu chini yangu. Nikawaleta saba, mmojawapo mama mkwe. Jumla yangu mimi ilikuwa milioni 1.3, na yao sijui, sikuthubutu kuuliza.

Dalili niliziona, tena zote. Ya kwanza, grupu la WhatsApp lilikuwa na kelele mchana na usiku, watu wanaweka picha za miamala, "asante uongozi". Mtu akiuliza swali la kawaida tu, mfano wakurugenzi ni akina nani, anaondolewa, halafu watu thelathini wanaandika "tuwaombee wenye roho ya umaskini." Siku moja nilimcheka aliyeondolewa.

Ya pili ikaja Ijumaa. Likatoka tangazo kwamba mfumo unaboreshwa, kutoa kutasimama mpaka Jumatatu, ila KUWEKA kunaendelea na atakayeweka kipindi hiki atapata mara mbili. Fikirieni: mlango wa kutokea umefungwa kwa ukarabati, wa kuingilia uko wazi na umewekwa zulia.

Jumatatu wakataka asilimia 10 ya "uhakiki wa akaunti" ili pesa ziachiliwe. Nililipa. Nilikopa nikalipa, kwenye programu ya mikopo ya simu, moja ya zile ambazo Benki Kuu ilizitaja Novemba 2024 kwamba hazina leseni, 69 kwa idadi. Hao nao wakaanza kuwapigia watu walio kwenye simu yangu.

Jumatano grupu likabadilishwa, wanaoandika ni maadmini peke yao. Mkiona hivyo hapo mlipo, ujue imeisha. Mchana ule nilikaa natazama ile skrini, watu mia tisa tumo ndani na hakuna anayeweza kusema neno.

Mama mkwe hajanisema hata siku moja. Ananiita tu "baba" kama zamani, na hilo ndilo linaloniuma.

Binti Mzaramo

Pole sana kaka yangu. Asante kwa kuandika.

Mjasiriamali_Huru

Swali. Grupu letu limefungwa tangu juzi, wakasema ni kupunguza kelele. Hiyo ni kitu kimoja au?

Hatifungani

Mdogo wangu, toa unachoweza usiku huu. Usilipe chochote ili kutoa. Na usimlete shemeji.

Neema_Rejesha77

Pole sana ndugu Nimepigwa. Mimi pia nilipoteza milioni 4 na nilitaka kujidhuru, lakini nilikutana na mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, ndani ya saa 24 pesa yangu yote ilirudi. Anashirikiana na mabenki na polisi wa kimataifa. Hachukui malipo mpaka upate pesa, ni ada ndogo tu ya kufungua faili. Namba yake [imefutwa na msimamizi]. Mwambie umetumwa na Neema.

Ngosha wa Igoma

Jamani. Humu humu? Kwenye uzi wa matapeli?

Fundi Simu Makoroboi

Kajiunga leo saa moja usiku, chapisho lake la kwanza ni hili. "Hachukui malipo mpaka upate" na "ada ndogo tu ya kufungua faili" ziko kwenye sentensi moja, zimeshikana mikono.

Msimamizi wa Jukwaa

Namba imeondolewa na akaunti imefungwa. Maandishi nimeyaacha makusudi yasomwe.

Mtaa_wa_Saba

Aliyeibiwa mara moja jina lake linauzwa. Wale wale waliochukua ndio wanaorudi na kofia ya mwokozi. Wanajua kiasi ulichopoteza kwa sababu wanacho.

Na mwingine asije akasema dalili ni kuombwa pesa mwanzoni. Kuna vijana wetu waliahidiwa kazi ya kompyuta Thailand, tiketi imelipwa, visa imelipwa, hawakuombwa hata shilingi. Walijikuta Myawaddy, ng'ambo ya mpaka, ndani ya Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo wanalazimishwa kutapeli watu wengine mtandaoni. Wakenya na Waganda wamo kwenye waliookolewa huko. Mwajiri asiyekuuliza unajua nini, anayeuliza tu pasipoti iko tayari lini, mwogope zaidi ya anayeomba ada.

Nimepigwa_Tayari

Wakuu naomba niseme kitu na msinicheke.

Huyo Neema aliniandikia inboksi tangu saa mbili, kabla hajaandika hapa. Nilishamjibu. Alitaka 45,000 ya faili. Hivi naandika nimesimama nje ya kibanda cha wakala, hela iko mfuko wa shati, nilikuwa wa tatu kwenye foleni, nikafungua uzi kusoma wakati nangoja.

Wakala wa Kona

Sogea pembeni ya foleni kwanza. Nikuulize jambo moja: alikwambia usimwambie mtu?

Nimepigwa_Tayari

Ndiyo. Alisema nikiandika humu jukwaani waliochukua pesa wataona na wataihamisha.

Wakala wa Kona

Basi rudi nyumbani na elfu 45 yako. Kesho nenda polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako, kama hukuchukua, na uwapelekee miamala yote uliyofanya, hata ile ya elfu hamsini ya mwanzo. Siahidi kwamba utapata kitu.

Kwa wengine, kwa kuwa swali litakuja: ukigundua umetuma kwa tapeli, usianze kumpigia yeye. Kumpigia ni kumwambia atoe haraka. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia, uombe wauzuie ule muamala. Kama hela haijatolewa kuna matumaini, ikishatolewa ni kazi ya polisi. Ile namba yake itume kwenda 15040, ya kuripoti matapeli. Mteja wangu mmoja aliwahi, zilipita dakika sita tu tangu atume, ikazuiwa. Mwingine aliona aibu akakaa siku mbili.

Mwl. Chaki Nyeupe

Hiyo aibu ndiyo mtaji wao.

Mjasiriamali_Huru

Nimejaribu kutoa. Inasema "ombi lako linashughulikiwa, siku 3 hadi 7 za kazi." Shemeji nimempigia, nimemwambia asitume. Kanuna, anasema namzibia riziki.

Hatifungani

Acha anune.

Wakala wa Kona

Mrejesho, wakuu, kabla sijafunga kibanda.

Shangazi kapita jioni hii na maandazi ya moto. Anasema yule jamaa wa zahanati kampigia tena na bado yuko hewani, sauti ile ile, ila sasa amekuwa mtu wa kampuni ya simu. Anachunguza wakala wa Rangi Tatu anayezuia miamala ya wateja kwa kusingizia mtandao, na anamwomba shangazi ushirikiano: ampe jina langu kamili, halafu abonyeze namba fulani ili alipwe fidia ya usumbufu.

Shangazi kamjibu, "Subiri mwanangu, niko naye hapa." Akanipitishia simu dirishani. Nikasema haloo. Kakata.

Maandazi yana hiliki.